Chungu cha Kilwa: shajara ya mradi wa kupika kama mwaka 1331

Jumamosi, 5 Julai

Mradi umeanza leo, lakini chanzo chake ni swali la mwaka jana. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, watu wa Kilwa ya zamani walikuwa wanakula ugali?" Nikamjibu papo hapo, "Walikula, tena sana," tukaendelea na somo. Usiku jibu lile likanikaa kooni. Ugali wa nini? Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na hayakufika kwetu mpaka Wareno walipoanza kupita pwani hii. Nilikuwa nimemlisha mtoto uongo.

Basi likizo hii, kila Jumamosi, napika mlo mmoja ambao mkazi wa Kilwa angeweza kuula mwaka 1331, mwaka aliopita msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, na upepo wa kaskazi. Wiki ya tano tutaandaa sinia kwa klabu ya historia na wazazi. Mimi naishi Kilwa Masoko. Kilwa Kisiwani, ulikokuwa mji wa kale, nakuona kwa macho kutoka gatini, kwa hiyo kisingizio cha umbali sina.

Kanuni ni moja. Chakula kinaingia jikoni ikiwa kuna mtu aliyekiona kwa macho yake akakiandika, au ikiwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamekikuta kwenye chekeche zao, iwe punje iliyoungua au mfupa. Kisichopita hapo kinabaki nje.

Jioni nimetoa vitu kabatini. Nyanya nje. Pilipili za kuwasha zote nje, mbuzi na kichaa. Muhogo, viazi vitamu, viazi mbatata, maharage, karanga, nanasi, papai: vyote hivyo vilivuka bahari baadaye. Nilipofika kwenye korosho nikasita. Kumwambia mtu wa Kusini kwamba korosho ni mgeni ni kumtafutia ugomvi, lakini ndivyo ilivyo, nayo imetoka Brazil. Mke wangu akaangalia kabati, akaniangalia mimi.

"Sasa kimebaki nini?"

"Mtama."

Amecheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 7 Julai

Kumbe vimebaki vingi. Leo nimeshinda na maandishi.

Al-Masudi, mwandishi Mwarabu aliyesafiri bahari hii mwaka 916, anasema chakula kikuu cha watu wa pwani ya Zanj, yaani pwani yetu hii, ni mtama, pamoja na ndizi, asali, nyama na mzizi fulani unaochimbwa ardhini. Ibn Battuta naye ametuachia karibu menyu nzima, ila si ya Kilwa, ni ya Mogadishu. Pale alikaa mgeni siku tatu, chakula kikiletwa mara tatu kwa siku: wali uliopikwa kwa samli kwenye sahani kubwa ya mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kitoweo hicho anasema walikiita *kushan*. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa mgando, achari ya ndimu, vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Ukila tonge la wali, unafuatiza achari. Anaongeza kwamba mtu mmoja wa huko hula chakula cha watu kadhaa wa kwao. Sina la kumjibu. Amekwenda harusi za pwani huyu.

Pilipili aliyoiona si hii yetu ya kuwasha. Neno pilipili ni la kale, limepita India na Uarabuni likihusu ile nyeusi na jamaa zake. Ile nyekundu ilipokuja kutoka Amerika ikachukua jina, na mwenye jina akaongezewa ukoo: pilipili manga.

Kuhusu Mombasa, Ibn Battuta aliandika kwa ufupi: watu wanakula zaidi ndizi na samaki, nafaka inaletwa kutoka nje ya kisiwa. Kuna tunda pia, dogo kama zeituni, lenye kokwa, tamu sana, aliloliita *jammun*. Wahindi hadi leo jina lao la zambarau ni jamun. Nimefurahi kama niliyeokota pesa barabarani, halafu nikakumbuka kwamba Julai hakuna zambarau.

Kilwa yenyewe hakusema alikula nini. Pengo hilo nalijaza kwa mtu mmoja wa msafara wa Wareno aliyeandika mji ulipotekwa na kamanda wao, Francisco de Almeida, Julai 1505. Miaka 170 na ushei imepita hapo, najua, lakini bado ni kabla ya mahindi kuzagaa. Anataja minazi, machungwa, ndimu, vitunguu vidogo, majani yenye harufu nzuri, tambuu, ng'ombe, mbuzi na kondoo wanono, samaki tele, na mizinga ya nyuki juu ya miti iliyozibwa kwa ukili. Vitunguu nimevipitisha kwa ushahidi wake. Mke wangu ameshukuru.

Tahadhari kwa atakayenifuata: katika maandishi hayo kuna neno *milho*. Wafasiri wengine wameligeuza kuwa mahindi, kwa sababu ndiyo maana yake kwa Kireno cha leo. Mwaka 1505 lilikuwa mtama au uwele. Neno moja tu, na watu wameshapanda mahindi Kilwa kabla ya wakati wake.

Alhamisi, 10 Julai

Nimenunua vyungu vitatu na kikaango. Vyombo vingine nimeazima kwa bibi jirani yetu: kinu na michi miwili, ungo, kifumbu cha kukamulia nazi, kata ya kifuu, jiwe la kusagia. Nimempigia shikamoo, nikaeleza mradi kwa dakika kama kumi, pamoja na Ibn Battuta. Alisikiliza vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo unataka kupika kama sisi tulivyokuwa tunapika kabla ya gesi."

Sikuwa nimeliona hivyo.

Jumamosi, 12 Julai

Mlo wa kwanza: wali wa samli, ndizi mbichi kwa maziwa.

Chungu cha kwanza kimeatuka. Nilikiinjika kikavu juu ya mafiga, moto ukiwa mkali, nikamimina maji baridi. Kikalia *ta!* na ufa ukapanda kutoka kitakoni hadi mdomoni, samli yote ikaenda majivuni. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akifuma ukili, hakuinua hata uso. "Chungu kipya kinapikiwa kwanza maji na wishwa, moto wa polepole, kinanyweshwa mpaka kishibe. Hukuuliza." Ni kweli, sikuuliza. Niliuliza kuhusu karne ya 14.

Cha pili tumekinywesha mpaka saa tisa. Kwa hiyo mlo wa mchana umeliwa magharibi.

Ndizi kwa maziwa nilidhani zitakuwa kitu cha kuvumilia kwa ajili ya elimu. La hasha. Nilitumia mkono wa tembo, nikazimenya, nikazikata vipande vinene, maziwa ya ng'ombe, chumvi, kipande cha tangawizi. Maziwa yalipungua yakawa mazito, yakashika ndizi kama tui. Watoto wameomba tena. Ukiniuliza, mtu anayekula ndizi za nazi hapa pwani anakula ndugu wa chakula hiki.

Jumamosi, 19 Julai

Leo uwele. Nimeuacha makusudi mpaka wiki ya pili, kwa sababu Ibn Battuta alikula mezani kwa wakubwa, na wakubwa ndio waliokula wali. Punje zilizochimbuliwa Pemba zinaonyesha jambo zuri: karne za mwanzo uwele ndio umejaa, na mchele unapanda baadaye, baada ya karne ya 11. Yaani wali ulianza kama chakula cha hadhi, na ukiangalia harusi na hitima zetu hadhi hiyo haujaiachia.

Nilipima pishi moja, vibaba vinne. Hatua ni hizi: unatwanga kuondoa makumbi, unapepeta, unaloweka kidogo, unatwanga tena, unapepeta tena, unaanika, halafu ndiyo unasaga kwenye jiwe.

Nilianza saa moja na nusu asubuhi. Kwa robo saa ya kwanza nilijiona shujaa. Baada ya nusu saa kiganja cha kulia kilikuwa na malengelenge mawili, na uwele mwingi ulikuwa unaruka nje ya kinu. Kuku wa jirani wamefaidi mradi huu kuliko mtu yeyote. Mwanamume akitwanga uani, majirani hupita njia hiyo mara mbili mbili. Mmoja alisimama kabisa.

Bibi akanionea huruma, au aliuonea uwele. Alishika mchi wa pili, akaniambia, "Usiupige kwa hasira. Uachie udondoke, wewe kazi yako ni kuunyanyua." Tukapokezana: wake ukishuka wangu unapanda. Yeye ana umri wa kunizaa mara mbili, na alikuwa anaimba. Mimi pumzi ya kuimba sikuwa nayo.

Kusaga ndiko kulikoniua. Unapiga magoti, unasukuma jiwe la juu kwa uzito wa mabega, na unga unatoka kidogo kidogo kama unaombwa. Uwele wote ulipokwisha, saa yangu ilisema saa tisa kasoro kumi. Tukiondoa mapumziko na swala, ni kama saa tano na nusu za kazi ya mikono minne. Tukapata ugali wa watu sita, rangi ya majivu, harufu ya kokwa zilizokaangwa, na mchanga kidogo wa jiwe kwenye meno. Mtamu, lakini tulikula kimya.

Maji na kuni sijahesabu. Maji nilichota bombani.

Jumatano, 23 Julai

Nimevuka Kisiwani na wanafunzi wanne. Bahari ina kusi, mashua imetutikisa, mmoja ametapika, hatutalizungumza zaidi.

Wageni hufika kwa ajili ya msikiti mkuu na kuba zake, na kwa kweli unastahili. Ibn Battuta aliandika kwamba mji huu ni mzuri sana na umejengwa wote kwa miti, wakati sehemu ya zamani ya msikiti huo wa mawe ilikuwa imeshasimama kabla hajazaliwa. Nimewaambia wanafunzi: hata shahidi wa macho mkague. Huyu alisimulia safari yake Moroko zaidi ya miaka 20 baada ya kuondoka hapa.

Lakini pia mtu asimcheke sana. Waliokaa nyumba za mawe walikuwa wachache, na wengi walikaa nyumba za miti na udongo zilizoezekwa, ambazo hazikuacha gofu la kupigia picha. Tunaona matumbawe na chokaa kwa sababu ndivyo vilivyobaki.

Kwenye msikiti mdogo wa kuba wanafunzi walitazama juu wakaona mahali bakuli za kigeni zilipopachikwa kwenye dari. Binti mmoja akauliza kwa nini mtu apachike bakuli darini. Nikasema bakuli hizo zilitoka ng'ambo, zilikuwa fahari. Akasema, "Kama mama na kabati la vioo." Ndiyo. Kama mama na kabati la vioo.

Tukamalizia Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya mwamba, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linalotazama bahari. Miaka yote nimesimama pale nikiwaeleza watoto ufundi wa zile pembe. Leo nilijikuta natafuta mfereji wa kuleta maji. Sikuuona. Malengelenge yangu bado yalikuwa na plasta, na nikaanza kuhesabu ndoo.

Jumamosi, 26 Julai

Changu wa kupaka, wali wa nazi, achari ya ndimu.

Mifupa iliyochimbwa Shanga, kisiwa cha Pate, inaonyesha kwamba zamani kabisa watu walivua zaidi kwenye miamba ya karibu, halafu miaka ya 1000 na kuendelea samaki wa maji makuu na papa wanaongezeka. Kwa hiyo papa angefaa pia, ila changu ndiye niliyempata kwa bei ya mwalimu.

Tui nimelikamua kwa kifumbu. Tui la kwanza zito likawekwa pembeni, la pili na la tatu likapika wali. Samaki akabanikwa juu ya makaa, akapakwa tui zito lililochemshwa na tangawizi, pilipili manga, ndimu na vitunguu vidogo. Bila nyanya mchuzi unakuwa mweupe, na jicho linadhani kuna kitu kimesahauliwa. Ulimi haudhani hivyo.

Achari niliiweka tangu tarehe 6: ndimu zimechanjwa msalaba, chumvi, juani siku saba, siki, pilipili manga nzima. Ndiyo kitu pekee katika mradi huu ambacho hakikuhitaji jasho wala maelezo. Kila mtu mezani alishaijua.

Jumanne, 29 Julai

Nilikuwa natayarisha kadi za maonyesho, nikafika kwenye kisa ambacho kila mwaka nakifundisha kwa furaha. Sultani wa Kilwa aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ijumaa moja anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen anamsimamisha, anamwomba nguo alizovaa. Sultani anarudi ndani, anabadilisha, anampa zilezile. Watu wanamsifu. Mwanawe anazikomboa zile nguo kutoka kwa fakiri kwa watumwa 10. Sultani, aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nimefundisha kisa hiki miaka tisa chini ya kichwa "Ukarimu". Darasani huwa nasisitiza zile nguo, naigiza hata kuvua joho, watoto wanacheka. Watu 20 wanapita katika sentensi mbili na sijawahi kusimama juu yao. Ibn Battuta pia anaeleza kwamba Sultani alikuwa akishambulia nchi za bara na kuchukua ngawira. Na yule mwandishi wa 1505, katika orodha yake ya bustani nzuri za Kilwa, anataja waliozilima: watumwa.

Kadi ya "Wali wa samli" ilikuwa mbele yangu, na sehemu ya vipimo: mchele vibaba viwili, samli, maji. Nani alitwanga huo mchele sikuwa nimeandika, kwa kuwa hakuna kitabu cha mapishi kinachoandika.

Nimezifuta kadi zote. Mpya zina mistari miwili chini ya kila pishi: saa za kazi, na mikono mingapi. Za uwele ninazo. Za maji sina, kwa hiyo kesho na keshokutwa bomba limefungwa kwangu.

Alhamisi, 31 Julai

Kisima cha karibu ni mwendo wa dakika 11 kwenda. Safari saba, ndoo ya lita 20, kwa kupika, kunywa, kuoga na kutawadha, watu watano. Karibu saa tatu na nusu kwa siku, pamoja na foleni. Mke wangu alichota safari nne kati ya saba, na amenitaka niandike hilo hapa. Nimeandika.

Jumamosi, 2 Agosti

Sinia limeliwa.

Wamekuja wazazi 14 na wanafunzi 19, nje ya hesabu niliyopiga. Ibn Battuta alikuwa sahihi kuhusu vipimo vya watu wa pwani. Wanafunzi walianza kutwanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wavulana kwa wasichana kwa zamu; wavulana wawili walipata malengelenge yao nao wakaniletea kunionyesha kwa majivuno kidogo.

Matokeo kwa haki: ndizi kwa maziwa zimeisha kwanza. Changu wa pili. Ugali wa uwele umeliwa nusu, na baba mmoja aliuliza kwa upole kama kuna unga wa sembe ndani. Wazazi wanne waliniomba pilipili. Nikawaeleza kwamba pilipili ya kuwasha haijafika bado, subirini miaka 200. Mmoja alichomoa kichupa mfukoni. Sikumzuia.

Kadi zilisomwa zaidi kuliko nilivyotarajia. Ile ya uwele, "saa tano na nusu, mikono minne, maji hayamo", ilizungukwa na kina mama. Mmoja aliigonga kwa kidole. "Hii hesabu ni ya mtu asiyezoea," akasema. "Sisi tungefanya kwa saa tatu." Bibi, kutoka mkekani, akasema, "Mbili."

Nimesahihisha kadi kwa kalamu: *saa mbili, kwa aliyezoea.* Chini yake mtu ameongeza kwa penseli, mwandiko wa mwanafunzi: *na asiyeweza kukataa je?*

Vyombo vimerudi kwa Bibi, isipokuwa kinu. Amesema nikae nacho, kinahitaji mtu mwenye mabega. Uwele umebaki kibaba kimoja. Zambarau zikiiva mwisho wa mwaka nitavuka nazo Kisiwani, mlo wa tano.